Mcheza kwao hutunzwa, lakini shabiki wa Kitengela amwonee wapi?

KUFIKIA jioni ya Jumapili, Agosti 10, 2025, Harambee Stars ilikuwa imeilaza Morocco 1-0 katika uwanja wa Kasarani, licha ya kucheza kipindi chote cha pili ikiwa na wachezaji 10. Bao lilifungwa na Ryan Ogam, mshambulizi wa Tusker. Katika vijiwe vya soka mjini Kitengela, kaunti ya Kajiado, furaha ya ushindi huo iliandamana na swali ambalo wengi hawakuwa na jibu lake: kijana huyu alikuwa wapi siku zote?

Jibu ni kwamba alikuwa papo hapo. Kipute cha CHAN ni cha wanasoka wanaosakata ligi za nyumbani pekee. Kila aliyevaa jezi ya Kenya mwezi huo alikuwa akicheza ligi ya humu nchini, na mara nyingi jijini Nairobi, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Kitengela. Kwamba shabiki wa mji huo aliwashangilia kama watu waliowasili jana kutoka ng'ambo si kosa lake. Ni matokeo ya maamuzi ya karibu miaka 20 kuhusu nani aonyeshwe kwenye runinga, amwonyeshe nani, kwa bei gani na saa ngapi.

Shabiki huyo si mgeni wa kandanda. Mwulize kuhusu Arsenal, iliyomaliza ya pili nchini Uingereza misimu mitatu mfululizo kati ya 2023 na 2025, naye atakutajia kikosi hadi kipa wa akiba. Atakueleza ni mechi zipi za ugenini zilizoiponza, ni refa yupi aliyeinyima penalti, na ni lini hasa ilianza kuteleza. Ana msimamo hata kuhusu watangazaji: yupi anaujua mchezo na yupi anapiga kelele tu. Elimu hiyo yote ameipata akiwa ameketi mbele ya skrini, bila kukanyaga London hata siku moja. Aliyefunzwa kwa njia hiyo kuhusu timu ya mbali angeweza kufunzwa kwa njia iyo hiyo kuhusu timu ya karibu, na mwezi wa Agosti 2025 ulithibitisha hivyo.

Inafaa kukumbuka jinsi mambo yalivyokwenda. Kenya haikuwa imewahi kushiriki CHAN. Ilipangwa kundi moja na Morocco na DR Congo, kila moja ikiwa imetwaa kombe hilo mara mbili, pamoja na Angola na Zambia. Wengi walitabiri kwamba wenyeji wangeaga mapema. Mnamo Agosti 3, Austin Odhiambo wa Gor Mahia aliipa Stars bao la pekee dhidi ya DR Congo. Siku nne baadaye ikatoka sare ya 1-1 na Angola. Kisha ikaja Morocco, na mnamo Agosti 17 Ogam akafunga tena Zambia ilipochapwa 1-0. Stars ikaongoza kundi kwa pointi 10, ikiwa imefungwa bao moja tu katika mechi nne.

Hesabu hizo ndizo zilizozua ubishi mkali zaidi miongoni mwa mashabiki. Kuna waliosema timu inayoshinda kwa bao moja moja inategemea bahati. Wengine walisisitiza kwamba kocha Benni McCarthy, aliyeteuliwa Machi 2025, alikuwa amefanya jambo ambalo Kenya hailijui vyema, yaani kulinda uongozi hadi kipenga cha mwisho. Kundi la pili lilikuwa na hoja nzito zaidi. Mchuano dhidi ya Morocco ulikuwa ushahidi tosha: timu iliyopungukiwa na mchezaji ilijipanga, ikaziba mianya na kuwaacha wapinzani wakizunguka na mpira pembeni. Safari ilikatizwa Agosti 22 katika robo fainali. Alphonse Omija aliifungia Kenya, Madagascar ikasawazisha kwa penalti, na baada ya dakika za nyongeza Madagascar ikashinda kwa matuta 4-3. Madagascar hao hao walifika fainali na kuisumbua Morocco kabla ya kulala 3-2 Kasarani, Agosti 30. Kwa hiyo hapakuwa na aibu yoyote katika kushindwa huko.

Shauku iliyoonekana milangoni mwa Kasarani ilipita kiasi hata ikaleta hasara. Watu walisukumana kuingia, wengine bila tiketi, na Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF) likatoza faini na kupunguza idadi ya watazamaji walioruhusiwa uwanjani. Fujo hizo hazifai kutetewa. Hata hivyo, zilizima kabisa dai lililozoeleka katika ofisi za soka kwamba Mkenya hapendi mpira wa nyumbani. Asiyependa kitu havunji mlango ili akione.

Ili kuelewa kwa nini mji kama Kitengela uliangukia mikononi mwa klabu za Uingereza, ni lazima kutazama mji wenyewe. Hadi miaka ya 1980 sehemu hiyo ilikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai. Mnamo 1988 ranchi hiyo iligawanywa, kila mwanachama akapata hati ya shamba lake, na mashamba yakaanza kukatwa vipande vya kuuzwa. Viwanda vya saruji na eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje kule Athi River viliwaleta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini humo, katika kaunti iliyokuwa na zaidi ya watu milioni 1.1. Wengi wao wana kwao kwingine.

Mji wa wahamiaji hauna klabu ya kurithi. Gor Mahia na AFC Leopards, mihimili miwili ya soka ya Kenya, zilikua kutokana na jamii za Waluo na Waluhya. Ushabiki wake hupokezwa mtoto kama jina la babu, na hakuna ubaya katika hilo. Bila jamii hizo ligi ingekuwa imekufa zamani. Lakini Mkamba, Mkikuyu, Mmaasai na Mkisii waliopanga nyumba katika jengo moja Kitengela hawana klabu ya nyumbani ambayo wote wanaweza kuishangilia bila mmoja kuhisi kwamba amealikwa kwenye sherehe ya jirani. Arsenal haina kabila. Manchester United haimwulizi mtu anatoka wapi. Hii ni sababu moja ya mapenzi ya soka ya Uingereza ambayo wachambuzi huipita haraka mno, wakikimbilia kulaumu ukoloni wa fikra.

Kajiado nayo haijawahi kutoa bingwa wa ligi kuu. Mjini Kajiado kuna uwanja wa Ildamat, na katika kila wadi hukosi vijana wanaocheza, lakini hapana jina la klabu linalofahamika nchini kote. Katika michezo, kaunti hiyo inajulikana zaidi kwa mashindano ya Kimana, yaliyoanzishwa 2012 ili morani washindane kwa mbio, kuruka na kurusha mkuki badala ya kuwinda simba. Mashindano hayo yamewavutia wanahabari wa mataifa ya mbali. Kijana anayecheza namba tisa Isinya hajapata bahati hiyo.

Harambee Stars, kwa upande mwingine, ina sifa ile ile ya Arsenal: ni ya wote. Ndiyo maana Agosti ile iliwaunganisha wakazi wa Kitengela kwa namna ambayo mechi ya Gor na Leopards haiwezi. Na hakuna aliyehitaji kulipia kifurushi cha bei ya juu ili kuziona mechi zake.

Kabla ya skrini, kazi hii ilikuwa ya redio. Wazee wa Kajiado waliofuata soka miaka ya 1970 na 1980 wanamkumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025. Kupitia Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ilikuja kuwa KBC, Mbotela na wenzake waliufanya uwanja uonekane kwa masikio. Msikilizaji alijua mpira uko upande gani, nani anaukimbilia na jua linampiga nani machoni. Gor Mahia iliponyakua Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, kwa kutoka sare ya 2-2 na Esperance mjini Tunis kisha 1-1 Kasarani, aliyekuwa akichunga ng'ombe Bissil na redio ndogo begani hakuachwa nyuma. Pengine hapa pana chembe ya kutamani ya kale, kwani matangazo ya zama hizo nayo yalikuwa na kasoro zake, na mara nyingine mawimbi yalipotea bao likikaribia kufungwa. Lakini jambo moja halina ubishi: sauti hiyo ilimfikia kila mtu, kwa lugha anayoielewa na bila malipo.

Zama za kulipia zilipofika, mashabiki walipata somo la kwanza mapema. Mwaka 2007 kampuni ya GTV ilipata haki za kuonyesha sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza barani Afrika, na watu wakanunua ving'amuzi vyake. Januari 2009 ilifunga kazi ghafla. Waliokuwa wamelipia walibaki na kisanduku kisichoonyesha chochote na sahani juu ya paa, na SuperSport ikabaki kuwa mlango mkuu wa soka ya Uingereza.

SuperSport ilileta mema pia, na haki ni kuyataja. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ilianza kuonyesha ligi ya Kenya kwa kamera nyingi na picha safi, na kwa mara ya kwanza klabu zikawa na fedha za televisheni katika vitabu vyao vya hesabu. Ndani ya kipindi hicho Gor Mahia ilimaliza ukame wa miaka 18 kwa kushinda ligi ya 2013, na mwaka 2015 ikatwaa taji bila kushindwa hata mechi moja. Mashabiki wa Kitengela wenye umri wa miaka 30 na zaidi wanawakumbuka wachezaji wa miaka hiyo kwa majina. Walikuwa wakiwaona.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 2017, baada ya mvutano mrefu kuhusu kuongeza idadi ya timu kutoka 16 hadi 18, SuperSport ilivunja mkataba. Agosti 2019 mdhamini mkuu, kampuni ya kamari ya SportPesa, ikajiondoa kufuatia mzozo wake na serikali kuhusu leseni na ushuru. Mwaka 2020 zilikuja ahadi mbili kubwa: BetKing, iliyotia saini miaka mitano kwa Sh1.2 bilioni, na StarTimes, miaka saba kwa Sh110 milioni kila msimu. BetKing iliondoka mwaka 2021. StarTimes nayo haikufika nusu ya safari. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa Shirikisho la Soka la Kenya (FKF), na Februari 2022 FIFA ikaipiga Kenya marufuku iliyodumu hadi Novemba mwaka huo.

Tazama orodha hiyo kwa jicho la shabiki wa kawaida. Kila alipoanza kuzoea kituo, saa na sauti ya mtangazaji, picha ilikatika. Akirudi baada ya mwaka mmoja anakuta wachezaji wengine, nembo nyingine na king'amuzi kingine. Mazoea ya kutazama hujengwa kama mazoea ya kwenda sokoni: mteja akikuta kibanda kimefungwa mara tatu, habadilishi siku ya kwenda bali kibanda chenyewe. Katika muda huo wote mechi za Uingereza zilikosekana kwa nadra tu. Hata redio ziligeuka. Vituo vya Kiswahili kama Radio Jambo vilianza kutangaza mechi za Uingereza moja kwa moja, na kipaji cha utangazaji kilichokuwa kikiieleza Gor na Ingwe kikahamia Anfield na Old Trafford.

Mwaka 2023 FKF ilitia saini mkataba wa miaka saba na Azam TV ya Tanzania. Hapo ndipo Kajiado inapokuwa mahali pazuri pa kufanyia ulinganisho, kwa kuwa barabara inayopita Kitengela, Isinya, mjini Kajiado na Bissil inaishia Namanga, mpakani. Kadiri mtu anavyoteremka kusini ndivyo mazungumzo ya soka yanavyobadilika. Namanga si ajabu kumkuta Mkenya anayejua matokeo ya Simba na Yanga kuliko ya Tusker.

Sababu si ngumu. Mei 2021 Azam ilikubali kulipa Sh225.6 bilioni za Tanzania kwa miaka 10 kuonyesha ligi ya nchi hiyo, yaani zaidi ya Sh10 bilioni za Kenya kwa ubadilishaji wa wakati huo. Pesa hizo zilikuta tayari kampuni imekaa na ligi hiyo kwa miaka kadhaa bila kuiacha. Watangazaji wake wanazungumza Kiswahili kinachochekesha, kinachochokoza na kinachomheshimu mtazamaji. Kabla ya mechi kuna mjadala, na baada ya mechi kuna mjadala zaidi. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho barani Afrika mwaka 2023 na Simba ikafanya hivyo mwaka 2025. Zote zilishindwa, lakini zilishindwa zikitazamwa na watu waliozijua msimu mzima.

Mkenya anaweza kusema kwamba Tanzania ina klabu mbili zilizogawa taifa zima, na kwamba hali hiyo haiwezi kunakiliwa. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini haielezi kwa nini mtu wa Namanga, ambaye hakuzaliwa Kariakoo wala Jangwani, ameingia katika ubishi huo. Ameingia kwa mlango wa runinga, tena kwa lugha yake.

Kuna wasimamizi wa klabu, humu nchini na kwingineko, ambao huogopa kwamba mechi ikionyeshwa uwanja utabaki mtupu. Hofu hiyo ni ya kale. Nchini Marekani, mechi ya kwanza ya besiboli ya ligi kuu ilitangazwa redioni mjini Pittsburgh, Agosti 5, 1921. Klabu tatu za New York, yaani Yankees, Giants na Dodgers ya Brooklyn, ziliogopa kupoteza mapato ya milangoni hata zikaafikiana kutotangaza mechi zao redioni kuanzia 1934 hadi 1938. Aliyevunja ukuta huo ni Larry MacPhail, msimamizi wa Dodgers, aliyemleta mtangazaji Red Barber mwaka 1939. Brooklyn haikuhama uwanjani ili kusikiliza redio nyumbani. Watazamaji waliongezeka, ingawa ni haki kukiri kwamba timu nayo ilicheza vizuri zaidi mwaka huo. Mashabiki wa besiboli wa kizazi kilichofuata walimpenda Barber karibu sawa na wachezaji aliowatangaza.

Sehemu moja tu ya hofu hiyo ina ukweli, nayo inahusu saa. Waingereza wanaijua. Tangu miaka ya 1960 wamezuia mechi za Jumamosi za saa tisa alasiri, saa za kwao, zisionyeshwe moja kwa moja nchini mwao, ili klabu ndogo zisikose watazamaji. Kwa hiyo Mwingereza aliyeketi Manchester hawezi kuiona kwenye runinga mechi ambayo mkazi wa Kitengela anaitazama akinywa soda. Uingereza inazilinda klabu zake dhidi ya runinga yake. Klabu za Kenya hazina wa kuzilinda dhidi ya runinga ya Uingereza. Saa tisa za London ni saa kumi na moja jioni za Nairobi, au saa kumi na mbili wakati wa baridi kule. Mechi ya ligi ya Kenya inayoanza saa kumi Jumamosi huwa inaingia moja kwa moja katika wakati huo, na kwenye mikahawa ya Kitengela mwenye rimoti hana haja ya kuuliza wateja wanataka nini.

FKF haiwezi kupiga marufuku mechi za Uingereza, wala haifai kujaribu. Inachoweza ni kuacha kugongana nazo. Saa saba mchana Jumamosi ni wakati usiokuwa na mwenyewe mara nyingi. Ijumaa usiku pia, katika viwanja vyenye taa, ingawa viwanja hivyo ni vichache mno na shabiki wa Kitengela lazima afikirie gari la kurudi. Jambo muhimu kuliko saa yenyewe ni kutoibadilisha. Ratiba ya ligi imekuwa na tabia ya kuhamishwa siku mbili kabla ya mechi, mara uwanja haupatikani, mara kuna mkutano wa hadhara. Mtangazaji hawezi kuipigia debe mechi ambayo hata klabu hazijui itachezewa wapi.

Hapa linaingia suala la matarajio, ambalo ndilo humaliza kila mjadala wa mashabiki. Septemba 2025 SportPesa ilirudi kama mdhamini wa ligi kwa mkataba wa miaka 10 wa Sh1.12 bilioni. Ni habari njema kwa klabu ambazo zimewahi kushindwa kulipa mishahara. Hata hivyo, Sh112 milioni kwa mwaka, hata kama zingegawiwa klabu 18 sawa kwa sawa bila kukatwa chochote, ni takriban Sh6.2 milioni kwa kila moja. Kiasi hicho hakitoshi kumzuia mchezaji anayeitwa ng'ambo. Pia ni kampuni ile ile iliyoondoka 2019. Haikuondoka kwa kuchoshwa na soka, bali kwa sababu biashara ya kamari inategemea kalamu ya serikali, na kalamu hiyo haijawekwa chini. Ligi iliyofunga ndoa ya miaka 10 na sekta hiyo inafaa iwe na akiba pembeni.

Ogam mwenyewe ni mfano wa tatizo lingine. Kabla ya Agosti 2025 kuisha alikuwa amejiunga na Wolfsberger ya Austria. Hakuna mpenzi wa soka wa Kenya anayeweza kumlaumu kijana huyo. Nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Lakini shabiki aliyejifunza jina lake Jumapili ya Morocco, akaamua kwenda kumtazama akiichezea Tusker, hakumkuta. Ligi ndogo zote duniani huuza nyota wao. Zinazodumu ni zile ambazo shabiki wake tayari anamjua atakayevaa jezi hiyo baadaye, kwa kuwa amemwona akiingia dakika ya 80 wiki baada ya wiki. Bila picha za kila wiki, kila mchezaji anayeondoka anaondoka na mashabiki wake.

Taji la msimu wa 2024/25 linafundisha jambo hilo kwa njia nyingine. Kenya Police ilitwaa ubingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake, na kuwapokonya Gor Mahia waliokuwa wameshinda 2023 na 2024. Ilikuwa timu imara, yenye wachezaji wazoefu kama nahodha wa Stars, Abud Omar, na inalipa mishahara, jambo ambalo si dogo. Lakini ni timu ya idara, isiyo na jamii nyuma yake, na vifijo vya ubingwa wake havikulingana na kazi iliyofanya. Kwa mtazamo mmoja huo ni udhaifu. Kwa mtazamo wa Kitengela huenda ni nafasi: hii ni klabu ambayo Mkamba na Mluo wa jengo lile lile wanaweza kuishabikia bila historia kuwagawa. Mtu hajitokezi kushabikia asichokiona, na kuna uwezekano mkubwa kwamba wakazi wengi wa mji huo hawangewatambua mabingwa wa nchi yao wangepanda nao matatu moja.

Fainali za Kombe la Afrika ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa Septemba 2023 ziliifanya serikali ianze kujenga uwanja wa Talanta, wa watu 60,000, kando ya barabara ya Ngong mwaka 2024. Uwanja huo uko karibu zaidi na Ngong na Kiserian kuliko Kitengela, kwa hiyo sehemu moja ya Kajiado itanufaika kuliko nyingine. Lakini viwanja vikubwa havikuwa tatizo la wakazi wa Kitengela hata kidogo. Matatu zao zinazoelekea mjini kupitia barabara ya Mombasa hupita ubavuni mwa uwanja wa Nyayo kila siku ya Mungu. Abiria wanauona. Hawajui tu nani anacheza ndani Jumamosi ijayo.

Hilo lingetibika kwa gharama ndogo kuliko zege la Talanta. Ratiba ya mwezi mzima isiyoguswa. Mechi moja kubwa ya wiki inayopatikana pia kwenye kituo cha bure, kwa makubaliano na Azam, ili iwe chambo cha zile za kulipia. Na utangazaji wa redio kwa Kiswahili kwa wale walio kazini, dukani na malishoni. Azam ingepoteza kidogo na kupata zaidi, kama Brooklyn ya 1939. Mkataba wake unamalizika 2030, muda wa kutosha kwa mtoto wa miaka 10 aliyeitazama Morocco ikishindwa kufikisha umri wa kujilipia tiketi mwenyewe, ikiwa picha haitakatika tena kabla ya hapo.